Jiwe Ambalo Sikuliokota

Wanasema mbwa abwekaye haumi.
Aliyesema hivyo hakuwahi kupanda baiskeli
katika nyanda za Javakheti, mwezi wa Machi,
barabara nusu tope, nusu barafu,
kikapuni chupa za insulini zimevishwa soksi za sufu,
na upande wa kushoto, juu ya ukuta wa mawe,
Boghar anainuka.

Hana masikio. Yalikatwa angali mtoto
ili mbwa mwitu wasipate pa kushika.
Shingoni ukanda wa misumari.
Mwili wa ndama, sauti ya pipa tupu
linaloporomoka ngazini.
Martun, mwenye mbwa, huita kutoka zizini:
"Usiogope, Arpik! Anakusalimia!"
Salamu gani hii, iliyoniacha
na kisigino cha buti kimoja?

Ushauri niliupata bure, kama mvua.
Dereva wa gari la mkate: nunua mjeledi.
Hovik wa darasa la tatu: mrushie ganda la jibini.
(Nilimrushia. Alilimeza bila kupunguza mwendo.)
Mama mkwe: kanyaga pedali, mtaje Mungu.
Nikakanyaga, nikamtaja,
nikajifunza kwamba miguu miwili haishindani na minne,
hasa minne inapozijua kona zote.

Dawa niliipata siku mnyororo ulipokatika.
Nilishuka, si kwa ujasiri, kwa kukosa njia.
Baiskeli nikaiweka kati yetu,
nikainama kama anayeokota jiwe.
Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mavi ya ng'ombe na theluji.
Boghar akasimama ghafla,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Kumbe ugomvi wake haukuwa na mimi.
Ulikuwa na gurudumu,
kitu kile kinachokimbia
bila miguu, bila harufu, bila adabu.
Mtu anayetembea anajulikana.

Ikawa ndiyo sheria yetu, miaka sita.
Kwenye nguzo ya umeme iliyopinda nashuka,
naikokota baiskeli, nainama mara moja,
naye ananguruma mara moja.
Darajani napanda tena.
Mguu wa Martun ulipona, ukaoza tena, ukakatwa.
Sindano zikaendelea.

Leo nimefika kwenye nguzo. Kimya.
Boghar kalala palepale, pua imeota mvi,
jicho moja lina wingu.
Ningeweza kupita nimekaa kitini, napiga mluzi.
Nilipita, kweli, kama hatua kumi.
Akajiinua nusu, miguu ya nyuma ikakataa.
Akatoa mbweko mdogo,
kikohozi cha mtu kanisani,
kisha akanitazama kuona kama nimesikia.

Nikafunga breki.
Nikashuka, baiskeli kati yetu,
nikainama hadi vidole vikagusa tope,
polepole, aone vizuri
jinsi ninavyomwogopa.