Sikio la Kulia

Gathogo ananiuliza kabla sijafunga mlango wa gari:
"Besi unataka itikise nini, dada, kioo ama jirani?"
Kirinyaga Road, saa nne asubuhi.
Kila kibanda kinaunguruma tumbo lake
na maji ya mtaro yanacheza viduara.

Besi sitaki, namwambia.
Baba yangu besi anayo.
Miaka thelathini na minane ya nyundo pale Kamukunji,
mabati yakikunjwa kuwa masanduku ya watoto wa bweni,
ilimwachia ngurumo zote: radi, lori, jenereta ya bucha.
Ilimnyang'anya vitu vyembamba.
Kijiko kwenye kikombe. Mbu.
Ile sauti ya nyoka iliyo katikati ya jina langu:
mimi ni Nasimiyu, kwake ninafika Naimiyu.
Nikisema sita, anasikia ita,
anauliza amwite nani.

Gathogo anazima muziki wa kibanda chake.
Kwa mtaa huu, hiyo ni heshima ya msibani.

Anashusha maboksi.
"Hii imeandikwa wati elfu moja mia mbili. Hizo ni wati za boksi.
Za kweli ni sitini. Zilizobaki ni mate ya muuzaji."
Anakwaruza waya kwa wembe, ndani mweupe pe:
"Aluminiamu. Bwana harusi wa suti ya kukodi."
Wa pili anaukwaruza, shaba hadi moyoni.
Amplifaya ananipa ndogo,
isiyokunywa betri ya Probox usiku kucha.
Halafu twita mbili kiganjani, kama vifungo vya koti:
moja ya bati, kali, inayomenya kila herufi,
moja ya hariri.

Bati amelisikia vya kutosha, nasema. Nipe hariri.

Hesabu inagonga elfu kumi na nne na mia tano.
Zilikuwa za tairi za nyuma.
Tairi zitangoja.

"Mzee hukaa wapi?"
Kando yangu, kushoto.
"Na sikio lililokufa?"
La kulia. Ndilo lililokuwa upande wa nyundo.
Anatazama usukani. Ananitazama mimi.
Haniambii kitu, ila nimeshaelewa.

Miaka mitatu, kila Jumanne ya kliniki,
Umoja hadi Mbagathi,
nimekuwa nikizungumza na ukuta.
Siku ile nilipomwambia mimba imetoka
aliitikia, "Eeh, hata mimi naona itanyesha."
Nikanyamaza Jogoo Road yote.
Nilimnunia hadi Krismasi, na yeye,
maskini, akafunga dirisha
akingoja mvua.

Gathogo anavuta droo, anatafuta chini ya fyuzi na misumari,
anatoa mikrofoni ya kubana kwenye kola,
ndogo kama mdudu wa maharagwe.
"Mia nane. Redio si lazima isemewe na watu wengine."

Anafunga twita ya hariri kwenye nguzo ya kushoto,
juu kidogo, anapolaza kichwa mzee akichoka.
Ya kulia ananiuliza tuiweke wapi.
Iweke kwenye boksi, namwambia. Akiba.

Jumanne.
Baba anaingia na faili lake na kofia yake,
anafunga mkanda, anasema gari linanuka gundi.
Foleni inatukamata pale City Stadium.
Nabana mdudu kwenye kola. Mkono unatetemeka,
spika inapiga mluzi mfupi, kisha inatulia.

Baba, nasema, polepole. Ni mimi. Nasimiyu.

Anageuka upesi,
lakini si kwangu.
Anashusha kioo cha kushoto, anatoa kichwa nje,
anapekua macho kati ya wauza maji na wauza karanga,
mkono juu, anamsimamisha
msichana fulani aliyemwita jina zima.

"Nasimiyu!" anaita barabarani.
"Njoo huku, mama. Nakusikia."