Toleo la Picha

Shairi hili nililikariri kwa fimbo,
darasa la tano, Tandika,
mikono nyuma, macho darini.
Tulifika penye “inuka,” tukapaza sauti,
tukakaa.

Leo nimelinunua tena, Mtaa wa Mkwepu,
jalada gumu, lina picha.
Hapo penye “inuka” mchoraji kaweka binti
kwenye ngazi za ghorofa, umeme umekatika,
ndoo imepinduka,
maji yanarudi chini bila yeye.

Sikudhani anaweka kidole.
“Baba, kandambili yake nyingine iko wapi?”

Sijui.
Miaka thelathini nalisoma kwa ghibu,
sikujua mna mtu ndani.

Tunatafuta. Ukurasa wa saba,
chini kabisa, pembeni,
paka ameilalia.