Kadi

Tulipoinunua ilikuwa na kilomita laki moja na kumi na nne,
harufu ya chai isiyo yetu ndani ya viti,
na mwanamke.

Kila asubuhi, ukizungusha ufunguo, anasema.
Sentensi moja, ya upole, kama mtu anayebisha hodi
kwa jirani mwenye mgonjwa.
Kijapani. Nani wa kumjibu hapa Katindo?
Mama, kiti cha nyuma, kapu la sombe mapajani,
alimsikiliza mara ya kwanza, akainamisha kichwa,
akasema: Amina.
Tangu siku hiyo hatuondoki bila Amina.

Nusu jipu, waliiita majirani.
Mtoto wa jipu aliyeachishwa ziwa mapema.
Lakini imeinuka kidogo kuliko teksi,
na katika mji uliomwagiwa mawe na mlima wake wenyewe
kidogo hicho ndicho ukubwa.
Mawe ya Goma hayakwaruzi, yanauma.
Fundi Baseme wa Birere
amesomesha kifungua mimba wake kwa bushi zangu;
sasa pine zinamlipia wa pili.

Usukani uko kuume, na sisi tunaendesha kuume.
Nikitaka kupita lori la makala, tukitoka Sake,
barabara siioni. Naona matako ya lori
na maandishi: MUNGU ANAJUA.
Mimi sijui. Anayejua ni Kyakimwa, kushoto,
shingo nje ya dirisha kama bata.
"Ngoja."
Nangoja.
"Ngoja, kuna chukudu."
"Sasa!"
Miaka sita nakanyaga mafuta kwa neno lake tu.
Siku moja tulinuniana. Nikabaki nyuma ya lori
hadi Mugunga, nikila vumbi,
yeye akihesabu migomba, kinywa kimefungwa,
na barabara, nilikuja kuambiwa, ilikuwa wazi muda wote.

Usiku mlima ulipopasuka
tuliingia kumi na mmoja. Nilihesabu baadaye.
Na mbuzi mmoja, sisemi wa nani.
Mbingu nyekundu ndani ya vioo vyote vitatu.
Nilipowasha, katikati ya vilio,
yule mwanamke akatamka sentensi yake, kwa upole uleule,
na watu kumi wakajibu Amina
kwa sauti ambayo sijaisikia kanisani.
Ikawaka. Ikaondoka. Sina la kuongeza.

Mwezi uliopita Ansima, mtoto wa dada yangu,
anayejifunza Kijapani kwenye simu
akitumaini kwenda kusoma huko,
alipanda mbele. Nikazungusha ufunguo.
Akacheka hadi akajishika tumbo.
"Mjomba, anasema kadi haijaingizwa."
Kadi gani?
"Ya kulipia barabara. Kule kwao."

Barabara ya kulipia! Nikazima gari. Nikakaa.
Miaka sita, basi, alikuwa ananidai kadi,
kama polisi wa rulaji pale Signers,
kama wale wa mpakani, kama karani wa komini
anayelamba kidole kabla ya kufunua daftari:
kadi, baba, kadi yako iko wapi?
Hata yeye.
Hata yeye, kwa sauti ile.

Nilitaka kumwita Baseme aje na bisibisi amnyamazishe.
Niliandika ujumbe, nikaufuta.

Mama sikumwambia.
Jumapili alipanda na kapu lake,
akafunga mlango mara mbili, maana mara moja haushiki.
Mwanamke akasema haijaingizwa.
Mama akasema Amina.
Kyakimwa akatoa shingo,
akatazama juu, akatazama chini, akachelewa makusudi,
kisha akasema:
"Sasa."