Tarakimu ya Mwisho

Kazi yangu ilikuwa kupiga nambari ubavuni mwa treni
zisizozidi urefu wa kiganja, kiwandani, bonde la Neckar,
kwa mpira laini ubebao wino kama busu.
Miaka kumi na tisa. Tarakimu ndogo kama mayai ya chawa,
nami, Irmhild, nikizisoma bila miwani.

Nyumbani sikuwa mtu wa kuulizwa kitu.
Mume wangu huuliza chumvi iko wapi.
Lakini usiku, kwa jina la kukodi,
niliwaandikia watu mia tatu wasioijua sura yangu:
Kitendawili.
Nao, toka Kassel, toka Graz, toka Zwickau, kwa pumzi moja:
Tega!

Mla makaa anarudi, kavaa koti la kijani.

Basi hawalali. Huyu kafukua ratiba za mwaka hamsini na nne,
yule anabishana juu ya kijani, kijani kipi,
na Ottmar Riebling, dereva mstaafu wa Bebra,
keshalifumbua kabla chai yake haijapoa.
Sikuwahi kusema ndiyo.
Niliweka alama ya kikombe tu, wakaelewa.

Siri ya biashara: niliitia saini kila Januari,
kurasa sita, kalamu yao, peremende zao mezani.
Sikuuza. Hata senti moja.
Nilichokula ni ile dakika
baina ya kujua kwangu na kujua kwao,
tamu kama ukoko unaoukwangua peke yako
wenzio wangali wananawa mikono.

Mwaka jana, Oktoba, Ottmar akaniandikia mimi pekee.
Madaktari wamempa hadi Krismasi.
Maonyesho ya Nuremberg ni Februari.
Akauliza kama mtu aulizaye saa njiani:
ile aliyoiendesha baba, itatoka?
Na ikitoka, itavaa nambari gani?

Fumbo mfumbie mjinga, wamesema.
Huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa na muda.
Nikaufungua mchoro mezani pangu, nikamwandikia wazi,
tarakimu zote, na ya mwisho saba.

Alijibu neno moja: Yenyewe.

Sikujua kuwa kila meza ilipewa mchoro wake.
Wa rangi walipewa nne. Wa magurudumu, tisa.
Mimi saba,
na mtego uliotegwa kunikamata mimi
ukawa umeangukia, kati ya tarakimu kumi, treni ya baba wa mtu.

Ottmar hakuweza kukaa nayo. Nani angeweza?
Alimwambia muuguzi, akamwambia jirani, akawaambia wote mia tatu,
na Jumatatu bwana Staudenmaier akaniita.
Hakufoka. Aliandika saba kwenye karatasi,
akaigeuza iniangalie.
Mkia wake ulikuwa umepinda vibaya. Ndilo nililoliwaza, naona haya kusema.
Nikachukua kikombe changu, kandambili za kazini, kalenda.

Ottmar alizikwa tarehe tisa Desemba.
Februari treni ikatoka, kijani, kijani kile kile,
na ubavuni, mwishoni, mbili.
Waliokuwa wakiniitikia Tega wakaniita mzushi.
Sikujitetea. Ningesema nini?
Kwamba nilisema kweli niliyopewa iwe uongo?

Aprili kikaja kifurushi, kimefungwa kwa soksi ya mtoto.
Jannes, kijana wa Bebra, ameinunua ile treni,
ameikwangua mbili kwa kijiti cha meno na spiriti,
akachora saba kwa brashi.
Imevimba. Imelegea kama mlevi ukutani.
Barua yake haina salamu:
Mama, sijui wewe ni nani, ila Ottmar alisema una mkono.
Inirekebishie. Nitaipeleka makaburini Jumapili.

Nikawasha taa ya meza. Nikapunguza wino.
Kutoka jikoni sauti ikauliza chumvi iko wapi.

Ilipo, nikasema,
na sikuinua kichwa.