Ujia wa Mwisho

Mkuu wa gereza alisema: samaki mmoja akioza.
Hakumaliza. Sote tuliujua mkia wa methali.
Kesho yake tukamhamisha Anouar,
na birika lake la plastiki, na miwani iliyofungwa uzi,
kutoka jengo la pili hadi ujia wa mwisho
wenye vyumba vinne, na taa isiyolala.

Mimi, Jeltje, ndiye niliyeshika funguo.
Miaka kumi na tisa kazini, magoti yanailaani kila ngazi.
Nikamfungulia, nikamfungia.
Hakunitazama. Alitazama dirishani:
mfereji umeganda, na bata wawili
wanatembea juu ya maji
kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Chumba cha pili yuko Reindert,
mwenye radi mbili shingoni,
aliyetia moto hosteli ya wakimbizi, watu wakiwa wamelala.
Sheria haibagui sumu:
ya huyu na ya yule, kabati moja.

Miezi miwili walitukanana kupitia bomba la joto.
Niliandika kila tusi daftarini.
Mwezi wa tatu, usiku, Reindert akauliza:
Wewe, bata wapo?
Dirisha lake yeye linatazama ukuta.
Kimya. Kisha:
Wapo. Leo watatu.
Kalamu ikanigandia.
Daftari lina safu ya vitisho, safu ya mahubiri,
safu ya majina yaliyotajwa.
Bata hawana safu.

Msinielewe vibaya. Asubuhi yake
Anouar aliniombea moto, mimi na kizazi changu,
akapokea viazi, akafunga kidirisha mwenyewe.

Na jengo la pili lilipoa, siwezi kukana.
Vijana watatu walirudi karakana ya useremala.
Mmoja alinitengenezea kibao cha kukatia mkate,
kimepinda upande, nakitumia hadi leo.

Ila Delano.
Miaka ishirini, mwizi wa pikipiki,
ndiye hasa tuliyekuwa tukimwokoa.
Alhamisi nilishika zamu kule, nikamsikia mezani:
kituo kilekile kabla ya neno "sisi",
kidole kilekile juu ya supu ya njegere,
sauti ikishuka pale pale ilipokuwa ikishuka.
Mtu tulimhamisha.
Pumzi yake tuliisahau kitini.

Akaniona. Akauliza kwa adabu:
Yule mwenye miwani, mmempeleka wapi?
Siruhusiwi kusema.
Akawageukia wenzake, hata hakupandisha sauti:
Mnaona? Alituambia watafanya hivi.

Nilipita ujia wa mwisho kabla ya kuchukua baiskeli yangu.
Nikaweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa la moto.
Upande mmoja mtu aliuliza leo ni wangapi.
Upande wa pili hapakujibu mtu.
Nje barafu ilikuwa imeshayeyuka,
nami nilikuwa nimewaona, wote watatu, wakiruka.