Zamu ya Saa Tisa, Dagoretti

Julai, saa nane na nusu usiku. Gesi inaingia putoni
kwa sauti ya mtu anayefyonza chai moto.
Mimi na Otwori tunangoja, mikono kwapani.
Hapa chini, nyuzi kumi. Nimeandika.
Hata penseli ina baridi.

Jana Wakesho kanipigia simu kutoka Voi.
Dada yangu hulala madirisha wazi, na ananicheka:
"Ninyi mlio juu, karibu na jua,
mbona mwatetemeka?"

Jua halipashi hewa, Wakesho.
Hupita humo kama mgeni asiyeketi,
likafika ardhini, na ardhi ndiyo jiko.
Hewa huota moto kuanzia miguuni.
Ikipanda hupata nafasi, hutanua kifua,
na kutanuka huko hukulipia kwa joto lake yenyewe:
nyuzi sita na nusu kila kilomita,
ushuru usio na risiti.
Toka kwako hadi kwangu ni kilomita na ushei.
Piga hesabu, kisha nitumie blanketi.

"Blanketi la nyuzi ngapi?" akauliza.

Saa tisa. Otwori anakimbia nalo hatua tatu
kama anayemfundisha mtoto baiskeli,
kisha mikono mitupu.
Kwenye kioo nambari zinaanza kushuka.
Hapana. Zinapanda.
Kumi na moja. Kumi na mbili na nusu.
Mita mia mbili juu ya Kawangware kuna uvuguvugu
nisiomwambia Wakesho.
Ardhi imepoa usiku kucha, imeipoza hewa iliyoigusa,
na hewa ya jana imekaa juu yake, mfuniko.
Kukicha nitauona: moshi wa majiko, wa taka,
wa mandazi ya Mama Nyaboke,
utapanda, utagonga dari isiyoonekana,
utalala umepigwa pasi,
na watoto wa shule watapita chini yake wakikohoa.

Kisha kanuni inarudi. Tisa. Tatu. Sifuri,
chini kidogo ya kilele cha Mlima Kenya.
Hasi ishirini. Hasi hamsini. Otwori anakoroma.
Kilomita kumi na saba, hasi themanini,
na hapo baridi yenyewe inachoka kushuka.

Puto linapasuka. Kioo kimya.
Kisanduku kinarudi kwa mwavuli wake, nyuma ya Ngong,
kikirudishiwa joto lake nyuzi kwa nyuzi.
Mwaka jana mfugaji mmoja alitupigia:
"Nimeokota redio yenu. Ina umande.
Na haisemi kitu."