Karanga za Kamanga

Nilimnunulia mwanangu karanga za mia mbili
kwenye kivuko cha Kamanga, upepo ukinivuta mtandio.
Tulipofikia ya mwisho, ile chungu isiyokosekana,
karatasi ikafunguka kiganjani
ikanisalimia kwa mwandiko wangu.

KASHINJE LUGOYE. Mjane.
Mabatini, nyuma ya mashine ya kusaga.
Sababu ya ombi: barua za mafao ya marehemu.
Namba ya simu. Jina la mama mzazi.
Pale pa sahihi, dole gumba la wino wa zambarau,
chumvi imekwisha kulamba nusu ya mistari yake.

Mimi ndiye niliyelishika dole lile.
Nilimwambia: bonyeza, mama, usiogope,
hii inabaki kwetu.

Nikamwita Masunga, mwenye beseni.
“Zimebaki ngapi?” “Arobaini na moja.” “Nipe zote.”
“Dada, una harusi?”
Sikumjibu. Nilikuwa nafumua kifuko kimoja kimoja,
namwaga karanga mkobani, mapajani, kwenye kofia ya mtoto,
abiria wakinisogelea, kisha wakinisogea.
Mtihani wa hesabu, darasa la sita. Si wetu.
Kadi ya kliniki. Si yetu, lakini niliikunja pia.
Ombi la sanduku. Letu.
Ombi la sanduku. Letu.
Kumi na saba, hadi tunagusa gati.

Ofisini wakaniambia majalada ya zamani yalihifadhiwa.
Naam, yalihifadhiwa: stoo, kando ya choo,
kufuli bila ufunguo, au ufunguo bila kufuli,
mpaka mtu akahitaji nafasi ya mafagio
na mtu mwingine akawa na mizani.
Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye kata.
Hawakusema kata ikiuzwa kwa kilo.

Sasa tuna kompyuta. Tuna nywila
yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama ya mshangao,
na bwana Bahitwa ameiandika kikaratasini, chini ya kibodi,
asije akaisahau.

Mwezi uliopita alikuja mwanamume wa viatu ving'aavyo,
akaegemea kaunta kama kaiachiwa urithi.
Sanduku fulani ni la nani?
Anaishi wapi siku hizi huyo mwanamke?
Mimi ni mumewe.
Nikasema hatutoi. Akaweka elfu kumi juu ya daftari.
Nikasema hatutoi. Nikajiona ngome.
Ngome! Na uani wanapakia magunia.

Fomu zina namba za mfululizo. Nimezipanga kitandani.
Ya tisa haipo.
Huenda ilitupwa ziwani karanga zilipokwisha,
na sasa sato mmoja kati ya hapa na Sengerema
anajua mama wa nani alizaliwa Magu.
Huenda haikutupwa.

Nyingine nimezichana, nikaziloweka ndooni
hadi zikawa uji wa buluu.
Ya Kashinje sikuichana. Si yangu.
Niliitia kwenye bahasha na maneno machache:
Mama, nilikuambia inabaki kwetu. Haikubaki.
Nikaiweka sandukuni mwake kwa upande wa nyuma,
ule tunaoufikia sisi tu.

Kila jioni, kabla ya kufunga, nachungulia.
Bado ipo.
Nyumbani bado tunakula karanga.